Dakota ya EAA, Nairobi–Mombasa: injini ya kulia inalegea wakati wa kuteremka

Mlandege

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaorusha DC-3 (Dakota) kwenye mashirika pepe, yaani mashirika ya ndege ya kwenye simuleta. Safari ni Nairobi kwenda Mombasa kwa ratiba ya East African Airways (EAA) ya mwaka 1957, futi 9,500, Microsoft Flight Simulator na ile DC-3 iliyotoka 2022. Kupanda hakuna shida. Nikianza kuteremka na kuingia mawinguni, baada ya dakika kama tano sindano ya shinikizo la manifoldi (hewa inayoingia kwenye injini) ya injini ya kulia inashuka yenyewe, inchi 24 mpaka 19, ila mizunguko kwa dakika inabaki 2,050 palepale. Nikisukuma throto (mkono wa nguvu) inapanda kidogo, kisha inashuka tena. Programu ya kufuatilia safari inaandika hitilafu ya injini na ripoti inakataliwa. Mchanganyiko wa mafuta na hewa naubana kidogo kidogo kila futi 1,000. Nakosea wapi?

Silinda14

Mkuu, hiyo ni barafu ndani ya kabureta, sehemu inayochanganya mafuta na hewa. Propela ya Dakota inajirekebisha yenyewe ili kushika mizunguko uliyoweka, kwa hiyo injini ikikosa hewa huwezi kuona kwenye mizunguko. Utaona kwenye manifoldi tu, na ndicho unachokieleza.

Angalia saa ya joto la hewa ya kabureta. Kati ya nyuzi −10 na +15 za Selsiasi, ukiwa ndani ya wingu au hewa yenye unyevu mwingi, barafu inashika. Vuta mkono wa joto (unaopeleka hewa ya moto kwenye kabureta) mpaka sindano ipite +15, na uvute kabla hujaingia kwenye wingu. Ukivuta, manifoldi itashuka zaidi kwa muda mfupi kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi. Hapo wengi hushtuka na kuurudisha, wakati barafu ndiyo inaanza kuyeyuka. Subiri, itapanda.

Kwa nini kulia tu? Mikono ya joto iko miwili, kila injini na wake. Kagua vitufe ulivyofunga kwenye vidhibiti vyako. Kitufe kimoja mara nyingi kinagusa injini namba 1 peke yake, ya pili inabaki kwenye hewa baridi safari nzima.

Halafu acha kubana mchanganyiko kama Cessna. Kabureta ya R-1830, injini ya Dakota, inajirekebisha yenyewe kwa urefu. Weka tajiri (mafuta mengi) kwa kuruka, kupanda na kutua; ukishatulia safarini weka hafifu (mafuta machache). Ukiwa angani ni nafasi hizo mbili tu. Ukiubana katikati, vichwa vya silinda vinapata moto bila sababu.

KusiKaskazi

Naunga mkono hoja ya barafu, lakini kwanza aondoe shaka ya mafuta. Kanuni ni hii: manifoldi ikishuka huku shinikizo la mafuta (petroli) liko sawa, karibu psi 15, ni barafu. Shinikizo la mafuta likicheza au kuanguka, ni tangi limekauka. Dakota ina matangi manne ya galoni kama 200 kila moja, na kila injini ina swichi yake ya kuchagua. Ruka na tua kwa matangi makuu, kila injini na la upande wake. Ya akiba tumia ukiwa umetulia juu. Safari hii ni kama saa 1 na dakika 40, na ndege inakunywa galoni 90 hadi 100 kwa saa, kwa hiyo ukipakia 350 una akiba ya kutosha.

Jambo jingine ni namna ya kuteremka. Usivute throto mpaka chini. Chukua sheria ya zamani ya marubani wa pistoni: inchi moja kwa kila mizunguko 100. Ukiwa na 2,050, usiende chini ya inchi 20 au 21. Ukishuka chini ya hapo, propela ndiyo inayoizungusha injini badala ya injini kuizungusha propela, na mzigo unageuka upande kwenye beringi za fimbo za pistoni. Punguza inchi moja kwa dakika, na vibao vya kupoozea injini vifunge kabla hujaanza kushuka.

Hesabu yake ni nyepesi. Una futi 9,300 za kumaliza. Kwa futi 500 kwa dakika ni karibu dakika 19, na kwa noti 150 (maili za anga kwa saa) ni maili 47 za anga. Anza maili 50 kabla ya Mombasa.

Eastleigh57

Nyongeza kuhusu ratiba. Uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, ulifunguliwa 1958. Kama shirika lenu linafuata 1957, unatakiwa uondokee uwanja wa Eastleigh, ambao kwenye simuleta utaupata kwa msimbo HKRE. Usajili nao uendane na mwaka: herufi za mwanzo 5Y (Kenya), 5H (Tanzania) na 5X (Uganda) ni za baada ya uhuru, enzi hizo ndege iliyosajiliwa Kenya ilianza na VP-K, Tanganyika VR-T, Uganda VP-U. Baadhi ya wakaguzi wa ripoti wanaliangalia hilo.

Na ukiruka Nairobi kwenye futi 5,300, usilazimishe manifoldi ifike inchi 48. Kwenye urefu ule hewa ni nyembamba na sindano inaweza kugota chini kidogo hata throto ikiwa mwisho. Ndege itachukua njia ndefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Funga gurudumu la mkia kwanza.

Mlandege

Wakuu, shukrani sana. Nimekagua: kitufe cha joto kweli kilikuwa kinavuta mkono wa kushoto tu. Saa ya kulia ilikuwa inasoma +4 ndani ya wingu. Nimekiunganisha na mikono yote miwili, nikavuta joto, manifoldi ikashuka mpaka 17, nikasubiri, ikarudi 23 na kukaa. Je, nitue joto likiwa limevutwa?

Silinda14

Hapana. Ukishatoka chini ya wingu rudisha baridi, na kufika futi 500 iwe tayari imerudi. Ukilazimika kuacha kutua ukapanda tena, unataka nguvu zote, na hewa ya moto kwenye nguvu kubwa inaharibu injini. Mchanganyiko tajiri, noti 85 mwishoni, gusa kwa magurudumu makuu, mkia uache ushuke wenyewe taratibu.