Sindano za IVF (kutungisha mimba nje ya mwili): safari ya basi na ile ya mwisho yenye saa yake

Kondele_Ksm: Kliniki iko Nairobi, sindano za kukuza mayai zinachomewa Kisumu. Zibebwe vipi kwa basi? Na mbona ile ya mwisho wanaisisitizia saa?

Nesi_Nakuru: Nyingi hutaka nyuzi 2 hadi 8, ila soma karatasi ya ndani. Zifunge kwa taulo ndogo zisigusane na barafu. Iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka. Na usizitie kwenye buti ya basi!

Maabara254: Ya mwisho, homoni ya hCG, hukomaza mayai, yanatolewa kama saa 36 baadaye. Ukichomwa Jumatatu saa nne usiku, yatolewe Jumatano saa nne asubuhi. Ukichoma kwa kuchelewa, mengi yatatoka machanga, mbegu haziyarutubishi. Utoaji ukichelewa, folikoli (vifuko vya mayai) hupasuka zenyewe na mayai yakapotea tumboni. Saa ikikupita, pigia kliniki usiku huohuo, wasogeze ratiba.

Kondele_Ksm: Asanteni. Kipimo cha mimba cha mkojo je?

Nesi_Nakuru: Usikimbilie. hCG ya sindano hukaa mwilini hata siku 10 na zaidi, kipimo kikadanganya. Ngoja cha damu. Lakini tumbo likifura ghafla, pumzi ikibana au mkojo ukipungua, nenda hospitali sasa hivi: huenda ovari zimechochewa kupita kiasi.