"Tunachakachua simu": mafundi tubadili neno au wateja wazoee?

Fundi_Makumbusho
Wakuu, jirani yangu wa kibanda kaandika ubaoni: TUNACHAKACHUA SIMU, MODEMU NA RUTA. Mama mmoja kausoma ule ubao, kakumbatia mkoba wake, kaondoka. Kwetu mafundi kuchakachua ni kukifungua kifaa kilichofungiwa mtandao mmoja ili kipokee laini yoyote. Mtaani ni kughushi. Tuliache hilo neno au?

MzeeWaSheli
Mliache. Tulilizoea kwenye mafuta, dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa kwa sababu ushuru wa mafuta ya taa ulikuwa kiduchu. 2010 EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, yaani kemikali ya alama ya kutambua yaliyochanganywa, na kwa kuwa ulikuwa mwaka wa uchaguzi, wapinzani wakalihamishia kwenye kura. Halijawahi kuwa na maana ya heshima. Mafundi mmejipa wenyewe.

tarakimu_nane
Mkuu, unaongea usichokijua. Zile modemu za Huawei za enzi hizo, namba ya kufungulia ilikokotolewa kutoka kwenye IMEI, namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe. Unaisoma IMEI kwenye kibandiko, unaiingiza kwenye programu, unapewa tarakimu nane. Unachomeka laini ya mtandao mwingine, modemu inaomba namba, unajaza, kazi kwisha. Ukikosea mara kumi inajifunga jumla. Modemu nimenunua kwa hela yangu, hapo nimemwibia nani? Kosa ni kubadili IMEI yenyewe, sheria ya mawasiliano ya 2010 inalitaja. Msichanganye.

Mwajuma wa Tandale
Simu yangu ilienda kwa fundi kubadilishwa kioo, ikarudi na betri la kufikia saa sita mchana. Huyo naye alikokotoa?

tarakimu_nane
Dada, huyo ni mwizi wa betri. Usituingize wote kapu moja.

Mwajuma wa Tandale
Kapu mmeingia wenyewe, na ubao mmeandika.

Fundi_Makumbusho
😂😂 Jamani turudi kwenye mada. 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu bandia, wateja walikuja wakisema "simu yangu imechakachuliwa", wakimaanisha feki. Wengine "nichakachulie simu", wakimaanisha niifungue. Siku moja, dirisha moja.

MzeeWaSheli
Dawa ni serikali kuwa kali. Mbona kwenye mafuta iliwezekana? Bajeti ya 2011 ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ukakaribia wa dizeli, faida ya kuchanganya ikafa. Safi kabisa.

Bibi_Koroboi
Safi kwa nani? Rudia hilo neno.

MzeeWaSheli
Kwa nchi, mama yangu. Magari yalikuwa yanakufa pampu na nozeli.

Bibi_Koroboi
Mimi sina pampu wala nozeli. Nilikuwa na koroboi na jiko la mchina. Wachanganyaji walikuwa nyinyi wenye matangi, aliyepandishiwa bei ni mimi ninayepimiwa kwa kibaba. Halafu unasema safi!

MzeeWaSheli
Sijawahi kumiliki tangi. Jina tu hilo.

tarakimu_nane
Sasa jina la mtu si kosa lake, ila neno la fundi ni kosa la fundi. Sawa mzee.

Kamau_wa_Thika
Majirani, hata huku Kenya ni yaleyale. 2018 tukaletewa tozo ya kuzuia kuchakachua, shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Mkora anachanganya, mama mboga analipa. Na hilo neno tunalo pia, msifikiri ni lenu peke yenu.

MzeeWaSheli
Kenya mna Sheng, Kiswahili tuachieni.

Kamau_wa_Thika
Wewe ndiwe unayejiita Sheli, na sheli ni kampuni ya Wazungu 😂

Mwajuma wa Tandale
Kapatikana.

MzeeWaSheli
Tuache utani. Anayepinga ushuru ule aseme angefanya nini. Vinasaba peke yake visingetosha, maana lazima mtu aende sheli na kipimo, na vituo ni vingi kuliko wakaguzi. Bei zikilingana, hakuna anayehangaika usiku na mapipa.

Bibi_Koroboi
Angefungia vituo, anyang'anye leseni, awafikishe mahakamani. Mwenye kituo anajulikana, ana bango lenye taa barabarani. Mimi hata kibatari changu hakionekani kutoka kwa jirani, lakini ndicho kilichofikiwa kwanza.

Fundi_Makumbusho
Mods, badilisheni kichwa cha uzi basi.

MzeeWaSheli
Mama, siku hizi kuna gesi. Mtungi wa kilo 6 unaingia hata chumba kimoja.

Bibi_Koroboi
Mtungi haupimwi kwa kibaba, mwanangu. Siku nikiwa na mia tano, nikajaze gesi ya mia tano wapi?

Kamau_wa_Thika
Mjibu mama.

tarakimu_nane
Mzee yuko mtandaoni, naona anaandika, anafuta.