Mnaoua pikapu za zamani kwa kubahatisha, uzi huu ni wenu

Kama wewe ni fundi, ukaletewa gari la platini (ile swichi ndogo inayofunguka na kufunga kutengeneza cheche) linalozima likishika joto, na kitu cha kwanza unachokimbilia ni kufungua kabureta, uzi huu unakuhusu. Unakuhusu na wewe unayeuza kondensa mpya zinazokufa mapema kuliko zile kuukuu tunazozing'oa. Na wewe uliyepulizia rangi juu ya kutu ukasema "imefanyiwa ukarabati kamili", tulia, nitakufikia.

Wakuu, pikapu yangu ni Datsun 620, toleo lililoanza kutoka mwaka 1972, injini L16 ya silinda nne, cc 1595. Ndiyo gari langu la kila siku. Si la maonyesho wala la kutokea mwisho wa wiki. Inanipeleka kazini asubuhi, jioni inatakiwa inirudishe na mzigo nyuma. Kila inapolala njiani hakosekani mtu wa kuniambia, "Gari la zamani ndivyo lilivyo, uza tu." Sikubali, na nitaeleza kwa nini sikubali. Injini hii haina kompyuta, haina sensa hata moja ya kuidanganya. Inataka petroli, hewa na cheche kwa wakati wake. Kila iliponiacha barabarani nikafuatilia tatizo mpaka mwisho wake, nilikuta ama kazi mbovu ya mkono wa mtu, ama kipuri cha hovyo kilichouzwa kwa jina la kipya. Uzee sijaukuta bado.

Nianze na hili la kuzima, kwa sababu ndilo limenimaliza. Ikiwa baridi ilikuwa inawaka vizuri na kutembea vizuri. Ikishapata joto inaanza kukosa, inakwenda kwa kushtukashtuka, halafu kimya. Unaisogeza pembeni, unainua boneti, unasubiri. Ikipoa inawaka palepale, na unatembea nayo mpaka izime tena mbele ya safari. Nikaipeleka kwa fundi. Kabureta! Akaifungua, akaosha jeti, akachezea skrubu ambazo hazikuwa na shida, akaniambia tayari. Haikuwa tayari. Mwingine akasema pampu ya mafuta, ikabadilishwa. Mwingine akasema petroli inachemkia kwenye bomba. Huyo angalau aliwaza, maana bomba likipita karibu na injini yenye joto kali petroli inaweza kugeuka mvuke kweli, pampu ikabaki inasukuma mvuke mtupu. Lakini kati yao wote hakuna aliyechomoa waya mmoja wa plagi akatazama cheche WAKATI GARI LIMEGOMA. Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Kipimo chenyewe hakichukui hata dakika mbili. Gari limezima, bado lina joto, mtu anazungusha stata, wewe unaangalia. Cheche ikiwa ya njano, nyembamba, au haipo kabisa, basi achana na kabureta ya watu.

Ilikuwa kondensa. Kile kikopo kidogo cha bati kwenye disibuta (kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi), chenye uwezo wa kama maikrofaradi 0.2. Platini zinapofunguka, kondensa inaumeza ule umeme ambao ungerukia kati ya platini, ili sumaku ndani ya koili ikatike ghafla. Kukatika huko kwa ghafla ndiko kunakozalisha maelfu ya volti kwenye plagi. Kondensa ikichoka, platini zinaungua na cheche inalegea. Ubaya wake ni kwamba ikiwa baridi inaweza kukudanganya kabisa. Ukiipima mezani inakupa namba safi, ikikaa kwenye joto la injini inaanza kuvuja. Kwa hiyo fundi anayekuambia "nimeipima, ni nzima" bila kuipasha joto hajapima chochote.

Nikanunua mpya. Boksi zuri, limefungwa kwa nailoni, maandishi yanang'aa. Ikafa. Nikaenda duka jingine, nikapewa boksi lilelile, nayo ikafa, tena kwenye mteremko, nikiwa na mzigo na magari yanapiga honi nyuma yangu. Hii ya pili niliipasua kwa msumeno wa chuma. Ndani nikakuta karatasi imeviringishwa kwa ulegevu mpaka inachezacheza, na waya wa kutokea haujachomelewa kwa risasi wala nini, umebanwa tu kwenye ncha. Ukiuvuta kidogo kwa vidole unatoka. Hicho ndicho kitu kinachouzwa kama kipuri cha gari litakalobeba watu. Pikapu sasa hivi inatembea na kondensa niliyoing'oa kwenye disibuta la gari lililotelekezwa miaka mingi, ina vumbi na kutu kwa nje, na haijazima tangu niifunge. Nani ananieleza hapo kwamba shida ni uzee?

Rota nazo, yaani kile kipande kinachozunguka ndani ya disibuta kupeleka umeme kwenye plagi, ni balaa hilohilo. Ziko za kuiga ambazo riveti ya bati la shaba imezama sana chini, inakaribia shafti. Umeme unatoboa plastiki na kwenda kwenye shafti badala ya kwenda kwenye plagi. Ukiigeuza chini unaona kialama cheusi kama kimechorwa kwa kalamu. Wengi wanaitazama kwa juu tu, wanairudisha.

Halafu kuna aliyeng'oa rezista (kipunguza umeme) ya koili akaunganisha waya moja kwa moja, huku koili yenyewe ni ya omu 1.5. Koili ya namna hiyo imetengenezwa ifanye kazi na rezista mbele yake. Ukiipa volti 12 zote muda wote inachemka na inakula platini. Kama hutaki rezista, weka koili ya omu 3, basi. Platini zilikuwa zinaungua, wanabadilisha platini, zinaungua tena, wanabadilisha tena, na hakuna aliyejiuliza zinaunguzwa na nini!

Sasa nije kwenye lile ambalo sitalisahau. Kubadilisha gasketi ya silinda hedi, kile kichwa cha injini. Anayezijua L16 anajua kamshafti, shafti inayofungua vali, iko juu kwenye hedi na inaendeshwa na cheni ndefu. Kabla hujagusa gia ya kamshafti unashusha kabari ya mbao katikati ya cheni, unaigonga ikae, ili tenshena (kikaza cheni) iliyoko kule chini isifyatuke. Kipande cha mbao tu ulichokichonga mwenyewe. Tenshena ikifyatuka, njia ya haki ni kufungua kava lote la mbele, na hiyo si kazi ya mchezo. Fundi wangu alifungua gia kavukavu. Nilikuwepo, nikamuuliza kabari iko wapi, akaniambia haina haja, hizi gari amezifungua nyingi. Ikafyatuka. Badala ya kuniambia ukweli akaikandamiza kwa bisibisi ndefu kutokea juu, akalazimisha gia irudi, akafunga.

Pikapu ikatoka pale haina nguvu. Kilima kidogo gia ya pili. Mbele ya injini kuna mlio wa cheni kama mtu anatikisa sufuria yenye misumari. Unajua alisema nini nilipomrudia? Kabureta! Nikafungua mwenyewe. Nikaweka pistoni ya kwanza juu kabisa, nikaangalia alama ya gia na alama ya bamba la kamshafti: hazikutani, cheni imeruka jino. Nikatoa kava la mbele, nikakuta kiatu cha tenshena kimekaa upande na cheni imeshachimba mfereji kwenye ukuta wa kava. Mfereji unaingia ukucha. Cheni ingeendelea kula vile, siku moja ingekatika au kutoboa, na mtu yuleyule angesema injini za zamani hazina maisha.

Nafasi za vali sizungumzii sana. Kwenye injini hii zinapimwa ikiwa na joto, milimita 0.25 upande wa kuingiza na 0.30 upande wa kutoa. Kuna bati la kupimia, ni kitu kidogo kabisa kwenye sanduku la fundi. Anayepima kwa kusikiliza kwa sikio asiniguse gari.

Haya, wewe wa rangi. Nilikuahidi.

Kabini ilikuwa inang'aa. Kona za nyuma chini ya kioo, sakafu upande wa dereva, sehemu ya nyuma ya fenda za mbele, mishono ya sanduku la mzigo: kote huko ndiko kutu hupenda kukaa, na kote huko sumaku yangu ilikataa kushika. Nikachukua patasi. Kwanza rangi, chini yake puti nene kuliko kidole, chini ya puti fibaglasi, na chini ya fibaglasi tundu lililojazwa GAZETI. Gazeti lilikuwa bado na unyevu. Kwa maana hiyo maji yanaingia, gazeti linayashika, bati lililobaki linaliwa usiku na mchana, na nje panang'aa. Kutu ikiachwa wazi unaiona, unaipangia. Kutu iliyofunikwa inakula bila wewe kujua mpaka mguu unatokea upande wa pili.

Mbaya zaidi ni chasisi. Alipaka lami nyeusi kote, ikapendeza. Niligonga kwa nyundo karibu na mahali inapofungwa springi ya majani ya nyuma, nikasikia mlio mzito, wa kitu kilichooza. Bisibisi ikaingia mpaka mpini. Pale ndipo panapobeba ekseli na mzigo wote. Pale pakiachia kwenye mwendo, hakuna kuongea tena. Hilo si suala la ujanja wa biashara. Mtu aliyeona kile kitu kwa macho yake akakifunika kwa lami alikuwa anajua anachofanya, na alikubali mwingine aendeshe juu yake.

Breki nazo. Kuna aliyeongeza mafuta ya hidroliki ya usukani kwenye kikopo cha breki, eti yote ni mafuta. Raba za silinda za breki zimetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki ya DOT. Zikikutana na mafuta kama hayo ya usukani zinavimba na kulainika kama zimepikwa. Breki zikaanza kukamata zenyewe, ngoma za nyuma zikawa za kuunguza mkono. Ilibidi raba zote zitoke, mabomba yasafishwe, silinda kuu ifunguliwe. Kosa la chupa moja. Na hayohayo mafuta ya DOT 3 na DOT 4 yanavuta unyevu hewani, yanatakiwa yamwagwe na kuwekwa mapya kila baada ya miaka miwili hivi, lakini yaliyotoka kwangu yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyochacha. Anayeniambia "breki za ngoma hazishiki" namuuliza kwanza aliyabadilisha lini.

Mipira ya petroli nitaisema kwa kifupi. Petroli nyingine za siku hizi zina ethanoli, na ethanoli inaila mipira ya zamani kwa ndani. Nje mpira mzima, ndani unamomonyoka, chembe nyeusi zinakwenda kukaa kwenye jeti, na ndiyo hiyo kabureta inayosingiziwa kila siku. Mpira unaofaa umeandikwa R9 ubavuni. Wauzaji wanakuletea mpira mtupu usio na maandishi na kuapa kwamba ni wa mafuta.

Wanaonishauri ninunue pikapu mpya, nimewasikia. Ubavu wa pikapu hii nausimamia nje na kufikia mzigo ulioko katikati ya sanduku bila kupanda. Spana ya 10, 12, 14 na 17 zinafungua karibu kila kitu. Boneti ikifunguka naiona ardhi pembeni ya injini, mkono unapita. Gari la aina hii liliundwa litengenezwe na mtu wa kawaida, na linatengenezeka. Naipenda, na sina sababu ya kuomba radhi kwa hilo. Nisichokipenda ni kulipia kazi ya mtu halafu kulipia tena kuifumua.

Kilichobaki kwa sasa ni stata kuzungusha kwa tabu injini ikiwa na joto. Kabla hamjaniambia ninunue betri: betri ni nzima. Nimeweka multimeta kati ya hasi ya betri na bloku ya injini huku stata inazunguka, inasoma zaidi ya volti 1. Hapo inatakiwa isivuke nusu volti. Waya wa ethi umefungwa juu ya rangi, ileile rangi nzuri ya yule bwana. Kesho nakwangua mpaka chuma cheupe, naweka waya mnene.

Ninachotafuta: disibuta ya L16 ambayo shafti yake haichezi, na kondensa za zamani zilizotoka kwenye gari, hata zikiwa na kutu. Mwenye nazo aweke picha hapa, na kondensa aipime ikiwa na joto, atupe namba. Mafundi mnaochonga kabari ya mbao kabla ya kushika spana, jitokezeni, wengi tunawatafuta. Atakayeandika "uza" simjibu.