Naomba ushauri: kuagiza vyakula mtandaoni kunapunguza kweli matumizi ya nyumbani?

MamaPili wa Kibada

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu wa kuagiza vyakula vya nyumbani kwa simu, hasa mlio Dar.

Naishi Kibada, Kigamboni. Nyumbani tuko sita: mimi na mume wangu, watoto watatu, na mama mkwe aliyehamia kwetu baada ya kugundulika ana kisukari. Kazi yangu iko Posta. Natoka alfajiri, nikirudi giza limeshaingia, kwa hiyo siku ya kwenda sokoni ni Jumapili tu, na Jumapili yenyewe ina mambo yake. Karibu kila kitu tunachukua dukani kwa Mangi wa jirani na kwenye genge. Leo kilo ya mchele, kesho robo lita ya mafuta, keshokutwa nusu ya sukari. Mwisho wa mwezi tukijumlisha daftari, mume wangu ananiangalia na mimi namwangalia.

Jambo la pili ni aina za vyakula. Mama anatakiwa apate dona, mtama, kunde, choroko na mboga za majani kwa wingi. Genge letu lina mchicha, matembele na chainizi, basi. Mnafu unatokea siku moja moja. Njegere mbichi, brokoli, uyoga, hivyo mpaka uvuke uende mjini.

Sasa kila nikifungua Instagram nakutana na kurasa zinazouza vyakula kwa bei ya jumla na kukuletea mlangoni. Bei zinavutia. Ninachoogopa ni nauli ya kuvuka huku kwetu, vipimo, na utapeli. Kwa mliojaribu: unafuu upo kweli, au ni kuhamisha hela kutoka kwa Mangi kwenda kwa bodaboda?

Fundi Hesabu

Dada, umeuliza swali zuri na jibu lake liko kwenye kikokotoo. Chukua mfano wa mchele. Tuseme Mangi anakuuzia kilo 3,000, na ukurasa fulani una kiroba cha kilo 25 kwa 67,500. Hapo kilo inakuja 2,700, unaokoa 7,500 kwa kiroba kizima. Boda kutoka mjini mpaka Kibada akikutoza 7,000, umebaki na 500. Umeshughulika bure. Lakini nauli hiyohiyo ikileta mchele, sukari, maharage na dumu la mafuta kwa mkupuo, au mkagawana na jirani anayeagiza siku hiyo, unaanza kuiona faida. Kwa hiyo usiulize kama mtandaoni ni rahisi, uliza nauli moja inabeba vitu vingapi.

Vitu vya kuagiza hivyo ni vikavu na visivyooza: mchele, unga, maharage, sukari, mafuta, chumvi, sabuni, dagaa wakavu. Mboga na nyanya ni habari nyingine kabisa, wengine watakuelekeza.

Halafu geuza kila bei iwe ya kilo moja au lita moja kabla hujalinganisha. Wauzaji wengi mtandaoni wanaandika sado. Sado ni lile kopo la rangi la lita 4, linapima ujazo, halipimi uzito. Sado ya dagaa na sado ya maharage ziko mbali sana kwa kilo. Na kuna sado ya kufuta, iliyosawazishwa mdomoni, na sado ya kilima, iliyorundikwa juu. Mwambie muuzaji akupe bei kwa kilo, na akikwepa, nenda kwa mwingine.

Mafuta ya kula ndiyo yanawachanganya wengi. Utaona ndoo imeandikwa kilo 10 na nyingine lita 10 kwa bei zinazokaribiana. Mafuta ni mepesi kuliko maji, lita moja ina uzito wa kama gramu 920. Kwa hiyo kilo 10 ni karibu lita 11. Ukilinganisha namba kwa namba bila kuangalia kipimo, unaweza kuiacha ndoo yenye unafuu.

Bi Nuru

Mimi nakwenda kinyume kidogo. Mwanangu, usimkimbie Mangi. Siku mtoto anaumwa na mshahara bado, ni nani atakupa mkate na maziwa kwa kuandika kwenye daftari? Ukurasa wa Instagram hauna daftari. Na mama wa genge anakuongezea nyanya mbili na kitunguu bila kuombwa, anakujua mpaka majina ya wanao. Hivyo navyo vina thamani ya pesa, ila havionekani kwenye kikokotoo.

Tena ya mtandaoni huyashiki. Mimi nyanya lazima niibonyeze, samaki nimfunue shavu. Jirani yangu alilipia samaki kwenye ukurasa mmoja wenye picha nzuri kweli, akatumiwa namba ya mtu binafsi alipie kwanza. Mpaka leo samaki hawajafika na namba haipatikani.

Soko Asubuhi

Naomba nichangie kama mtu ninayefanya kazi hii. Napeleka mboga na matunda kwa wateja wangu Dar, oda zinakuja kwa WhatsApp. Sijaja kujitangaza, nataka dada aelewe bei inatoka wapi, maana ukiijua njia yake hupigwi kirahisi.

Oda nafunga saa mbili usiku. Alfajiri naanza Ilala kwa nyanya, vitunguu, hoho na karoti, kisha Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, kwa ndizi na matunda. Wakati huo malori yanashusha na bei bado ni ya tenga na gunia. Nyanya za Iringa, hasa Ilula, zinakuja kwenye matenga ya mbao. Ukilifungua, za juu ni kubwa na nyekundu, za katikati zimechanganyika, za chini zimebonyea kwa uzito. Ukinunua tenga zima unapata zote hizo. Kazi yangu ni kuzichambua: ngumu kwa anayetaka kukaa nazo wiki, zilizoiva sana kwa anayepika leo au kutengeneza rojo la kugandisha, na hizo nauza bei ya chini. Muulize muuzaji wako kama ana daraja hilo. Wengi wanazo ila hawaziweki kwenye picha.

Unafuu wangu kwa mteja unatoka kwenye kununua oda za watu wengi kwa pamoja. Ndiyo maana mtu wa kweli wa biashara hii ana siku maalumu za kila upande. Sipeleki oda moja Kigamboni. Nasubiri zifike za kujaza bajaji, navuka mara moja, kila mteja anachangia nauli kidogo. Ukikuta mtu anakwambia atakuletea sasa hivi, saa yoyote, popote, ujue gharama hiyo umeshawekewa ndani ya bei.

Bi Nuru, kuhusu kubonyeza nyanya una haki. Dawa yake ni hii: mteja mpya asilipe mpaka mzigo ufike aufungue. Namwambia arudishe asichokipenda mbele ya dereva, siyo kesho yake. Na kwenye oda aandike wazi: kama brokoli hamna usiniwekee kitu kingine, au kama mnafu hamna niwekee kisamvu. Usipoandika, muuzaji anaamua kwa niaba yako, na hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia.

Jambo la mwisho, msimu. Masika ikichanganya barabara na mashamba, nyanya zinapanda hata kwangu. Kipindi hicho genge la mtaani linaweza kunishinda bei, hasa kwa mboga za majani zinazolimwa hapahapa mjini mabondeni. Mchicha na matembele nunua hapo ulipo, yanafika bado yana umande. Mimi niagize karoti, viazi, vitunguu, njegere na vile ambavyo genge lako halileti.

MamaPili wa Kibada

Asanteni sana. Bi Nuru, Mangi simwachi mama, amenisitiri mara nyingi. Soko Asubuhi, nilikuwa sijawahi kufikiria habari ya siku maalumu ya upande, hilo limenifungua macho.

Fundi Hesabu, swali: nikinunua kiroba na dumu kwa mkupuo, hela ya mwezi mzima inatoka siku moja. Mnafanyaje?

Fundi Hesabu

Usianze na vyote. Mwezi huu mchele tu, mwezi ujao mafuta, wa tatu maharage. Kila kimoja ukikinunua kwa jumla, hela uliyokuwa unapeleka dukani kwa ajili yake inabaki, unaianzia kinachofuata. Na kiroba weka mbali na sakafu, juu ya mbao. Maharage kabla hujayaweka yaanike juani siku moja, ukishayapoza yafungie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Ukila hasara ya wadudu, unafuu wote umekwisha.

Mwana Tukuyu

Sisi wapangaji wa nyumba moja hapa Tabata tuna kundi la WhatsApp, tunaagiza mchele moja kwa moja Mbeya, wa Kyela, kutoka kwa mfanyabiashara tunayemfahamu. Anapakia kwenye basi, tunapokea stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, tunakodi bajaji moja na kugawana kwa mizani. Mchele ni mmoja, haujachanganywa, ukiupika jirani anajua. Dar unaweza kuuziwa "wa Kyela" ambao Kyela haujawahi kuiona.

Kwa dada wa Kibada, Mbezi ni mbali mno, nauli itaumiza. Ila wazo la kundi lichukue. Tafuta kina mama wanne wa mtaa, mkubaliane kitu kimoja na tarehe moja. Mtu mmoja ashike hela, mwingine apokee mzigo, asiwe yuleyule. Mzani mnunue wenu.

Nairobi Mashariki

Salamu kutoka Nairobi. Huku programu za kuletewa vyakula tunazo nyingi, supamaketi kubwa pia zina zake. Onyo langu ni moja: bei ya ndani ya programu mara nyingine si ile ya kwenye rafu. Mimi hupiga picha rafu nikiwa dukani kisha ninalinganisha. Kuna ada ya huduma pia, na ile "ongeza kidogo uletewe bure" inayokufanya ununue biskuti ambazo hukuzihitaji. Andika orodha kwenye karatasi kabla hujafungua simu, uagize yaliyoandikwa tu.

Na usiweke akiba ya pesa ndani ya programu yoyote. Hizi kampuni huja na kuondoka. Jumia, kampuni ya kuuza vitu mtandaoni, iliondoka Tanzania mwaka 2019, na mwishoni mwa 2023 ikafunga huduma yake ya chakula hata hapa Kenya. Lipa unachonunua leo, basi.

Mlezi wa Mama

Nami namlea mama mwenye kisukari, Mbagala. Dada, nikushauri kwa upendo: usinunue unga uliochanganywa wenye maneno makubwa ya kutibu sukari. Kurasa hizo ni nyingi na bei zake ni za ajabu. Nunua nafaka nzima, mahindi, mtama, ulezi, uzichambue, upeleke mashine ya mtaani ukasage mwenyewe bila kukoboa. Debe la mahindi huwa linakaribia kilo 18, kwa mgonjwa mmoja ni mwezi na zaidi. Ukilazimika kununua wa pakiti, angalia nembo ya TBS, shirika la viwango, na tarehe ya kusagwa, maana dona haikai muda mrefu kama sembe, inachacha kwa sababu ya kile kiini chenye mafuta.

Lakini dona na ulezi navyo ni wanga. Mama akila sahani kubwa ya ugali wa dona, sukari itapanda tu. Kipimo chake kitoke kliniki. Kilichomsaidia mama yangu ni kujaza nusu ya sahani mboga, na choroko au kunde pembeni. Hapo ndipo kuagiza kulinisaidia mimi, siyo kwa bei, ni kwa kupata mboga tofauti kila wiki mpaka akaacha kulalamika kwamba analishwa mchicha kila siku.

Kijana wa Temeke

Kuhusu utapeli: lipia kwenye Lipa Namba yenye jina la biashara, na jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri lifanane na la ukurasa. Likija jina la mtu usiyemjua, sitisha. Meseji za "tuma kwenye namba hii" zipeleke 15040, ni huduma ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

MamaPili wa Kibada

Mungu awabariki. Nimeongea na mume wangu usiku huu. Mchele tutaanza nao mwezi huu, nimeshapata majirani wawili wa kugawana nauli. Mahindi na mtama tutasaga wenyewe. Mboga za majani zinabaki genge, mkate na maziwa kwa Mangi. Zile ambazo genge halina, njegere, brokoli, uyoga na mnafu, ndizo nataka niagize.

Soko Asubuhi, upande wetu unavuka siku gani? Na wanaokuja hivi wateja watatu kwa pamoja, nauli mnagawaje?

Soko Asubuhi

Kigamboni ni Jumatano na Jumamosi, dada. Kwako Jumamosi ni bora kama utakuwepo uufungue mzigo mwenyewe. Mkiwa watatu nyumba jirani nahesabu kituo kimoja, nauli mnaigawa kwa tatu, kila mtu mfuko wake na karatasi yake ya bei. Oda mnipe Ijumaa kabla ya saa mbili usiku. Mnafu nitautafuta, njegere zipo. Uyoga niulize Alhamisi, siuahidi mpaka niuone.