MREJESHO: Mibuni ya marehemu baba, Kalinzi

Habari zenu wakubwa. Mwaka juzi niliuliza hapa kama ning'oe mibuni ya mzee nipande mihogo mitupu, maana ilikuwa imezeeka na kahawa nilikuwa nauza kwa wachuuzi ikiwa bado mtini. Wengi mlinikatalia. Ahsanteni sana, kwa dhati.

Sikung'oa. Nusu ya shamba nilikata mibuni ikabaki visiki ili ichipue upya, nikaacha machipukizi mawili mawili yenye nguvu, nusu nyingine nikaipogolea tu. Ushauri wenu wa kupanda maharage kati ya mibuni ndio uliotuokoa: visiki havina kivuli, jua linafika chini, kwa hiyo misimu yote ya kusubiri katikati ya mistari tulivuna maharage. Tulikula, mengine mke wangu akapeleka sokoni Kigoma mjini, akirudi na dagaa na chumvi. Ada za watoto zilitoka humo.

Msimu huu visiki vimezaa. Tunachuma kahawa nyekundu tupu, zilizoiva, kazi ngumu kweli, mti mmoja unaurudia mara tatu au nne. Tunamwaga kwenye maji, zinazoelea tunaziweka kando, na siku hiyohiyo tunafikisha kwenye mashine ya kumenya kahawa ya chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima. Ikilala na maganda, inaharibika ladha. Malipo ya kwanza nimepokea, yamezidi nilichopata kwa wachuuzi.

Mama analia kila akipita pale shambani. Mimi pia nilikaribia.

Yule aliyeshauri migomba ya kivuli: nimeanza kupanda, machipukizi nimepewa na jirani.