Naomba ushauri: nina cheti cha MCSA, nielekee wapi sasa?

Wakuu, habari zenu. Nina MCSA ya Windows Server 2016 (cheti cha Microsoft cha kusimamia seva), ile ambayo Microsoft iliifunga Januari 31, 2021. Matangazo ya kazi ninayoyaona sasa yanataka vyeti vya Azure, huduma ya wingu ya Microsoft. Tatizo ni kwamba kazi yangu ya kila siku ni seva za ofisini: Active Directory (mfumo wa kusimamia akaunti za watumiaji), DNS (mfumo wa majina ya mtandao), na kuwawekea watu nywila mpya wakisahau. Azure naigusa kwa nadra sana. Je, nijitose AZ-104 (mtihani wa usimamizi wa Azure) moja kwa moja, au nichukue AZ-800 na AZ-801 (mitihani ya Windows Server) zilizo karibu na ninachokifanya? Hizo ni mitihani miwili kwa cheti kimoja, na ada inauma. Kinachonipa moyo, kuhuisha cheti kila mwaka ni bure mtandaoni. Mliosoma huku mnafanya kazi, mlianzia wapi?