Ushauri: chipubodi juu ya stairofomu kwenye chumba cha kuongeza, Nakuru

Mjenzi wa Lanet
Wadau, hamjambo. Nimeongeza chumba cha kulala nyuma ya nyumba hapa Lanet, mita 4.8 kwa 3.6 ndani. Slabu ina wiki sita, na iko chini ya sakafu ya nyumba kwa mm 115. Usiku baridi ya simiti huku si mchezo, kwa hivyo nataka stairofomu chini, chipubodi juu yake, halafu laminati (vibao vya kumalizia sakafu) ya mm 8. Slabu yenyewe haijanyooka: ukilaza rula ya mita mbili, pengine chini yake panaonekana uwazi wa mm 10. Fundi anataka kutandaza shiti moja moja za mm 18 juu ya stairofomu na kumaliza siku hiyo hiyo. Aendelee? Na polithini inakaa wapi?

Seremala wa Bahati
Mwambie asubiri kwanza. Sakafu ya namna hiyo haipigiliwi popote, inaelea tu. Chipubodi ya sakafu huchongwa ulimi na mfereji pembeni ili shiti zishikane. Hizi za futi 8 kwa 4 tunazouziwa madukani zina kingo bapa, ni za kabati. Ukiweka tabaka moja, kila unapokanyaga ukingo mmoja unashuka na jirani yake anabaki juu. Laminati itaachana kwenye maungio hayo hayo.

Weka tabaka mbili za mm 12, shiti za ya pili zikilala kukingama na za ya kwanza. Hesabu ya kimo: stairofomu 50 + 25, bodi 12 + 12, sponji ya laminati 3, laminati 8. Jumla mm 110. Unabaki na mm 5 tu za kusawazisha, kwa hivyo vilima vya slabu viparuliwe na mashimo yajazwe, usitegemee kumwaga simiti kila mahali. Lengo ni uwazi usiozidi mm 5 chini ya hiyo rula. Stairofomu haifichi bonde. Itaning'inia juu yake, na sakafu itadunda kama ngoma.

Bodi: acha mm 12 kuzunguka kuta zote, kwa maana chipubodi hutanuka hewa ikiwa na unyevu. Shiti 6 kwa kila tabaka zinatosha, nunua 13 uwe na ya akiba. Tabaka zote mbili zianze na shiti iliyopasuliwa katikati kwa urefu, upana wa mm 610. Ukianza zote na shiti nzima, maungio ya juu yataangukia maungio ya chini na kazi yote ni bure. Katika kila tabaka, vichwa vya shiti pia vipishane, mstari mmoja uanze na nusu shiti.

Gundi ipakwe eneo lote kati ya tabaka, kilo 3 au 4, na iwe ile nyeupe inayostahimili maji, yenye alama ya D3 au D4. Skrubu ni za robo tatu ya inchi, kila mm 200 pembezoni na mm 300 katikati, kama 350 hivi. Usikubali za inchi moja! Bodi mbili ni mm 24, skrubu ya inchi ni mm 25 na ushee. Itatoboa polithini.

Mkadiriaji wa Kisumu
Nyongeza kuhusu stairofomu, maana hapo ndipo watu huuziwa upepo. Ile ya kufungia televisheni haifai, inabonyea. Omba ya kilo 20 kwa mita ya ujazo au zaidi, kisha beba mizani: shiti ya futi 8 kwa 4 yenye unene wa mm 50 inapaswa kukaribia kilo 3. Ikisoma kilo moja na nusu, irudishe. Tabaka ya mm 50 iwe chini, ya 25 juu, maungio yapishane.

Polithini ni mbili. Ya geji (kipimo cha unene) 1000 inalala juu ya slabu, mapishano ya mm 300 yaliyofungwa kwa tepu, na inapanda ukutani mpaka juu ya usawa wa bodi. Ya pili, geji 500, iko kati ya stairofomu na bodi. Inazuia mvuke wa chumbani, na pia ule mlio wa kukwaruza bodi inaposugua stairofomu.

Slabu ya wiki sita bado ina maji. Bandika kipande cha polithini angavu cha mita mraba, ziba kingo zote kwa tepu, kitazame baada ya siku tatu. Ukiona matone au simiti imekuwa nyeusi, ngoja.

Nyaya za umeme zisiguse stairofomu. Inanyonya kilainishi cha plastiki ya waya na ganda linakuwa gumu, kisha linapasuka. Zipite ndani ya paipu. Gundi ya kontakti pia usiilete karibu, inaiyeyusha.

(Huku kwetu Kisumu nisingemshauri mtu afanye haya. Baridi ya sakafu ni neema, pesa ya stairofomu iende juu ya silingi, chini ya mabati.)

Mjenzi wa Lanet
Asanteni sana. Mawili bado. Duka moja lina chipubodi yenye kiini cha kijani, wanasema haiogopi maji. Na mlangoni, pale watu wanapopita kila saa?

Seremala wa Bahati
Kijani ni rangi tu, haithibitishi chochote. Omba kipande, pima unene, kiloweke kwenye maji saa 24, pima tena. Mm 12 ikivuka 13 na nusu, achana nayo. Hata iliyo nzuri haivumilii kudekiwa kwa kumwagiwa ndoo, kitambaa kikamuliwe.

Mlangoni, na chini ya kabati zito, toa stairofomu uweke mbao ya saiprasi ya inchi 3 kwa 2 iliyotiwa dawa, isimame wima. Hiyo ni mm 75, sawa na tabaka zako mbili. Isipigwe randa, itapungua.

Fundi wa Njoro
Hakuna aliyegusa mchwa. Stairofomu hawaili, lakini wanaichimba njia mpaka kwenye bodi, na polithini haiwazuii. Kama udongo haukutiwa dawa kabla ya slabu, toboa slabu kandokando ya kuta ndani ya chumba na uingize dawa iliyosajiliwa na PCPB (bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu), kisha uzibe. Fanya hivyo kabla ya polithini. Na skating, ule ubao unaozunguka chini ya kuta, ipigiliwe ukutani, si kwenye bodi. Kabari zilizoshikilia ile nafasi ya mm 12 zing'olewe kwanza, mafundi huzisahau humo.